Wazimu Baada ya Mwendo wa Arobaini

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mashindano ya programu za sataranji, Machteld Roskam alipoingia ukumbini alikuta watu wazima thelathini hivi wameinamia kompyuta zao kimya, kama waumini kwenye sala, na mmoja tu anapiga kelele. Huyo mmoja alikuwa daktari wa meno.

"Mwizi!" alifoka Douwe Wiersinga, shingo imemwiva. "Nimemwita mwizi jana na leo namwita tena! Inspekta, umefika? Vizuri. Basi nasema mbele ya sheria!"

"Sheria imestaafu, Bwana Douwe," Roskam alimjibu akivua koti lake lililolowa mvua. "Tena haijanywa kahawa."

Watu wakacheka chini chini, kisha wakarudi kwenye mashine zao. Roskam alitumia umri wake wote katika polisi ya Leiden akiwakamata walaghai: waliochora picha bandia za wachoraji mashuhuri wa kale jikoni kwao, waliosaini hundi kwa mikono ya marehemu. Sataranji hakuijua vizuri. Mchezo wake ulikuwa dama, na aliamini tangu utotoni kwamba wacheza sataranji wanasema mno. Ndiyo maana Pothoven, mwenyekiti wa mashindano, alimpigia simu yeye. Hakuna mtu ukumbini aliyeweza kudai kwamba mama huyu ana upande.

Pothoven alimvuta pembeni, akampa kikombe cha kahawa na biskuti moja, kisha akalifunga kopo la biskuti.

"Sheria yetu kuu ni moja, Mama Roskam. Kila programu iwe jasho la mwenyewe. Ukichukua kazi ya mwenzio ukaipaka rangi, umekwisha. Unafukuzwa, na jina lako linachapwa kwenye jarida letu lisomwalo mpaka Budapest. Hutakanyaga tena mashindano yoyote."

"Na anayeshtakiwa?"

Pothoven alielekeza kidevu dirishani. Mwanamke wa makamo, mwembamba, sweta lake limevutika viwiko, alikuwa amekaa mbele ya mashine yake bila kumtazama mtu. Huyo alikuwa Jikke Osinga, mpiga kinanda wa kanisa moja huko Friesland. Programu yake aliiita Ekster, kwa jina la yule ndege mweusi na mweupe anayesingiziwa kuiba kila king'aacho.

"Looo," alisema Roskam. "Mwizi gani anajipachika jina la mwizi?"

"Ndivyo tunavyojiuliza. Lakini jana jioni uliona?"

Hakuona, ila alisimuliwa, na kila aliyemsimulia alipaza sauti alipofika katikati. Ekster ilipambana na mashine ya Wajerumani, mashine nzito inayoheshimika. Kwa muda mrefu ilicheza kama bibi kizee anayezunguka nyumba akifunga milango: inalinda hapa, inaziba pale, haitoi hata askari mmoja bure. Ilipopita mwendo wa arobaini, ikageuka. Ikatoa farasi kafara, kisha ikatoa ngome, na mfalme wa Wajerumani akauawa katikati ya barabara mchana kweupe. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Wajerumani wenyewe walipiga makofi.

Aliyebaki amekaa ni Douwe tu. Mtindo ule wote waliujua ni wa nani. Programu yake Stier, yaani fahali, ilijulikana miaka mingi kwa jambo moja tu: hutembea polepole hadi mwendo wa arobaini, halafu hupandwa na wazimu. Ilishindwa mara nyingi kwa wazimu huo, lakini ilipofaulu, watu walizungumzia mechi hiyo mwaka mzima, kama ile ya Hamburg aliyoitundika kwenye fremu kliniki kwake.

"Ekster inaongoza," Pothoven alimaliza. "Baada ya chakula cha mchana ni raundi ya mwisho, na ratiba imeipanga dhidi ya nani? Stier! Nataka jibu kabla hawajakaa. Nikimwacha Jikke acheze na shtaka likiwa linaning'inia, akishinda ni balaa, akishindwa ni balaa."

*

Roskam alimhoji Douwe katika chumba kidogo cha kamati, mlango ukiwa umefungwa.

"Bwana Douwe, huyu dada amewahi kuigusa mashine yako?"

"Kuigusa? Ameilea! Mgongo uliponilaza, misimu miwili mizima, yeye ndiye aliyekuwa mwendeshaji wangu. Unajua kazi ya mwendeshaji? Mashine haina mikono. Mtu anakaa ubaoni, anasukuma vipande, anabonyeza saa, anaandika kwenye kompyuta mwenzake alichocheza. Nilimwamini kama mdogo wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta!"

"Kwa hiyo nafasi ya kunakili alikuwa nayo."

"Tele! Na zaidi ya kunakili, aliniharibia. Misimu ile miwili Stier ilicheza kama ng'ombe wa maziwa. Hapakuwa na kafara wala shambulio, hata cheche. Watu wakanipa pole, wakasema fahali amezeeka. Mgongo ulipopona nikarudi kitini mwenyewe, na mashindano yale yale ya kwanza wazimu ukarejea. Sasa niambie, alikuwa anafanya nini na mashine yangu?"

Roskam aliacha kukoroga kahawa. "Ulibadilisha chochote kwenye programu uliporudi?"

"Sikugusa hata herufi."

"Na huo wazimu uko wapi ndani ya programu? Ukitakiwa kunionesha sehemu yake, utanionesha?"

"Ni... ni roho yake yote, mama. Huwezi kuutenga, kama huwezi kuutenga ujasiri wa mtu ukausema uko kwenye ini."

"Mh," alisema Roskam.

Alipotoka alimkuta Lubbert Ansink akimsubiri. Lubbert alikuwa mhadhiri wa chuo, mtaalamu aliyepewa na kamati programu zote mbili azilinganishe, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nimesoma usiku kucha," alisema. "Hazifanani hata mstari mmoja. Lakini usifurahi. Ni lugha mbili tofauti za kompyuta, na mtu mwenye akili anaweza kuiba wazo akalitafsiri. Sina uwezo wa kumtakasa wala kumfunga."

"Nitafutie kitu kimoja tu. Mahali Stier inapoambiwa ishambulie baada ya arobaini."

Lubbert alijikuna kidevu. "Ajabu. Nilipatafuta hapo kwanza kabisa, nikijua ndipo penye kesi. Sikupaona. Nikadhani nimechoka."

*

Jikke hakusimama Roskam alipovuta kiti. Alisukuma tu kikombe chake pembeni ili mgeni apate nafasi ya kiwiko.

"Nitakuuliza kama mjinga," Roskam alianza, "kwa sababu ndivyo nilivyo. Humu ndani mna nini?"

"Mna kikao."

"Kikao?"

"Nchi hii kuna jambo gani linaloamuliwa bila kikao?" Jikke alisema, na kwa mara ya kwanza pembe ya mdomo wake ilicheka. "Wamo watatu. Wa kwanza namwita Shangazi. Anaogopa kila kitu, analinda kila kitu. Wa pili ni Kichaa, hajali mali, anachotaka ni mfalme wa mwenzake tu. Wa tatu ni Mwenyekiti. Yeye hachezi. Anaangalia ubao, kisha anasema: fulani, sema wewe."

"Basi ni rahisi. Unachukua mwoga na jasiri, unawachanganya."

"Rahisi!" Jikke aligeuka akamtazama usoni. "Mama, mwaka wa kwanza ilikuwa aibu tupu. Kichaa anapeleka farasi mbele, mwendo unaofuata Shangazi anashtuka, anamrudisha. Kichaa anampeleka tena, Shangazi anamrudisha. Mpinzani anakaa anatuchekea. Nikajaribu kuwafanya wapige kura, wakapatana katikati, na katikati ndiko kubaya kuliko kote. Nusu ya shambulio ni kujinyonga. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mitindo haichanganywi kama maziwa na chai. Kila mmoja apewe zamu, na Kichaa akishaanza asikatizwe. Kanisani nimewafundisha watoto hivyo hivyo, ukianza ubeti umalize, hata kama umekosea noti."

Alimwonesha kwenye skrini. Roskam hakuelewa alama zote, lakini aliona namna mwanamke yule alivyosogeza kidole, pole pole, bila kukosa mahali, akieleza hapa Mwenyekiti anapima ngao ya mfalme wa adui, hapa anahesabu ni vipande vingapi vya kwetu viko karibu, hapa anamfunga Shangazi mdomo. Aliwahi kuwaona waghushi wengi wakieleza kazi zao. Kila mmoja alijua picha ilivyo, lakini ukimuuliza kwa nini mkono umechorwa pale na si pale, alianza kutokwa jasho. Huyu alijua kwa nini kila kitu kiko pale kilipo. Roskam alijikuta amependezwa mno, akajikemea kwa kupendezwa kabla ya kesi kwisha.

"Na sharti la mwendo wa arobaini liko wapi?"

Kidole hakikusita. "Hapa. Baada ya arobaini, Mwenyekiti anaruhusiwa kumwamini Kichaa kwa ushahidi mdogo zaidi."

"Kwa nini arobaini, si thelathini?"

Jikke alianza kufuta vumbi lisilokuwepo kwenye kibodi.

"Kwa sababu Stier hufanya hivyo," alisema mwishowe. "Sikatai. Nimeiga. Kuiga mwendo si kuiba miguu."

"Misimu miwili uliyoiendesha wewe, Stier haikufanya hivyo hata mara moja."

Jikke aliangalia mvua dirishani, na Roskam, aliyekaa na washukiwa wengi kuliko mapadri walivyokaa na waungamao, alijua papo hapo kwamba dada huyu anaficha jambo, na kwamba jambo lenyewe si lake.

Aliinuka akatembea kati ya meza akiwaza. Programu ni ile ile, haikuguswa hata herufi. Kompyuta ni ile ile. Akikaa Douwe, kuna wazimu. Akikaa Jikke, hakuna wazimu. Akiondoka Jikke, wazimu unarudi. Kilichobadilika ni mtu wa kitini peke yake, na mtu wa kitini hatakiwi kufanya lolote ila kusukuma vipande na kubonyeza. Basi kuna kitu mmoja anakifanya na mwingine hakifanyi.

Akasimama nyuma ya meza ya Wahangari wawili waliokuwa wakiijaribu mashine yao, akawatazama mikono tu. Sogeza, bonyeza, andika. Sogeza, bonyeza, andika. Mmoja akatazama saa ya mbao iliyokuwa mezani, kisha akaandika tarakimu kwenye kompyuta.

"Hiyo ya mwisho ni nini?" aliuliza.

"Tunamwambia saa," alijibu yule Mhangari. "Yeye haoni saa ya mezani. Tukifika arobaini tunaongezewa saa nzima. Usipomwambia, maskini anadhani muda umemwishia."

Roskam alimshukuru, akaenda kumtafuta Pothoven mbio mbio kiasi cha kumwaga kahawa ya mtu njiani.

*

Waliwekwa wanne chumba cha kamati: Douwe na mashine yake, Lubbert, Pothoven, na Jikke aliyesimama mlangoni akiwa amekunja mikono.

"Bwana Douwe," alisema Roskam, "ile mechi yako ya Hamburg, uliyoitundika kwenye fremu kliniki kwako. Tuirudie. Anza karibu na thelathini na tano, mpe Stier muda ule ule aliokuwa amebakiwa nao siku ile. Lubbert atasukuma vya mpinzani. Wewe fanya kila kitu unavyofanya siku zote. Kila kitu."

"Nitafanya kwa furaha. Mtauona wazimu wenyewe."

Alikaa. Mikono yake minene ilikuwa myepesi ajabu juu ya vipande. Mwendo baada ya mwendo Stier ilicheza kwa utulivu, ikasogeza ngome, ikasogeza askari. Ukaja wa arobaini. Douwe akabonyeza saa, akashusha pumzi ndefu kama wafanyavyo wote ukumbini wakishavuka mpaka ule, akasukuma kiti nyuma, akasimama.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Roskam.

"Eh? Kuchukua supu. Siku zote nikifika arobaini naenda kuchukua supu ya njegere wakati mpinzani anafikiri..." Alicheka. "Samahani, mazoea."

Nyuma yake Lubbert aliingiza jibu la mpinzani, na papo hapo, bila kufikiri hata kidogo, Stier ilitoa farasi kafara.

"Mnaona!" Douwe alipiga kelele. "Mnaona mnyama huyo! Hajafikiri hata sekunde, moyo umemtuma tu!"

"Rudi ukae," alisema Roskam kwa upole. "Tazama pembeni mwa skrini. Mashine inadhani imebakiwa na muda gani?"

Douwe aliinama. Alivaa miwani. Akaivua, akaivaa tena.

"Dakika moja kasoro," alisema.

"Na saa ya mezani?"

"Saa nzima na zaidi."

"Lubbert, mrudishe nyuma mwendo mmoja, umwambie ukweli."

Lubbert aliandika. Safari hii Stier ilinyamaza. Ikawaza. Wote watano waliitazama skrini, na mvua ikasikika juu ya bati la dirishani. Baada ya muda mrefu ikasogeza askari mmoja hatua moja, mwendo wa kawaida, wa busara, usiokumbukwa na mtu.

"Tena," alisema Douwe.

Walirudia. Askari. Wakarudia kwa uongo wa dakika moja, farasi akatolewa kafara. Wakarudia kwa ukweli, askari.

"Nyumbani mbona sikuwahi..." alianza Douwe.

"Nyumbani huchezi na saa ya mbao," alisema Lubbert taratibu. "Unaipa muda sawa kila mwendo. Ni mashindanoni tu ndiko ulikosahau kuiambia. Ilikuwa inakimbia kwa hofu, bwana. Ikiwa haina muda wa kuangalia mbali, inarukia kilicho karibu. Mara nyingine kilicho karibu ni mfalme."

Pothoven alikohoa. "Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo hapakuwa na cha kuiba," alisema Roskam. "Wazimu haumo ndani ya Stier. Haujawahi kuwamo. Ndani ya Ekster umo, umeandikwa, mwoga na kichaa wakipeana zamu, na sababu zake zimeandikwa, na aliyeuandika anaweza kukueleza neno kwa neno." Akamgeukia Jikke. "Ulijua."

Jikke aliitikia kwa kichwa.

"Tangu ulipoiendesha."

"Mechi ya kwanza tu. Nilimwambia saa, kama nilivyofundishwa, akacheza kama mashine yoyote. Usiku ule nikaelewa." Alikunjua mikono. "Ningemwambia Douwe, angerekebisha siku hiyo hiyo. Mtu nadhifu huyu, hawezi kuacha jino lenye tundu. Na tusingeuona tena. Mmesahau mechi ya Hamburg ilivyotutoa machozi? Ilikuwa kosa, sawa, lakini palikuwa na kitu humo, njia ya kucheza ambayo hakuna aliyethubutu kuijenga kwa makusudi. Nikasema nitaijenga mimi, iwe na akili, ijue wakati wake. Imenichukua miaka sita."

"Kwa nini hukujitetea jana?"

"Kwa kusema nini? Kwamba sifa zake zote ni za usahaulifu?" Akamkazia macho Pothoven. "Msiseme ukumbini. Tangazeni tu kwamba ushahidi haukutosha. Inatosha."

"Haitoshi," alisema Roskam. "Nimewaona wengi walioachiwa kwa ushahidi usiotosha. Watu huwapa mkono, kisha huhesabu vidole."

"Ni jina langu, mama. Nitalibeba."

Wakati wote huo Douwe alikuwa akimtazama yule farasi wa mbao aliyelala kando ya ubao. Kisha aliinuka, akampita Jikke mlangoni bila kumtazama, akatoka. Pothoven akamfuata akiita, "Bwana Douwe! Bwana Douwe, usifanye fujo!"

Alimkuta daktari ameshika kipaza sauti.

"Naondoa shtaka langu," Douwe alisema. "Na sababu naitaja mwenyewe. Stier haina wazimu. Miaka yote hii nimekuwa nikisahau kuiambia saa."

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Halafu Mhangari mmoja akaelewa, akaguna kama aliyepigwa tumboni, na kicheko kikatoka meza hadi meza mpaka watu wakajifuta machozi. Wengine waligonga meza kwa ngumi. Douwe alisimama pale pale, masikio mekundu, akawaacha wacheke hadi wachoke. Hakujitetea.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Basi nisikilizeni. Mimi nilikosea, mkanipigia makofi. Jikke alilitazama kosa hilo hilo, akaona humo mchezo ambao mimi mwenyewe niliyelala nao nyumba moja sikuuona. Akaujenga. Akawafundisha mwoga na kichaa wakae nyumba moja wasiuane. Ni nani hapa aliyewahi kufanya hivyo? Wewe? Wewe? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Makofi yote mliyonipa mimi yalikuwa yake, ila alikuwa hajafika bado."

Aliweka kipaza sauti chini. Hakuna aliyecheka tena. Wajerumani ndio waliotangulia kusimama, kisha Wahangari, kisha wote. Jikke alikuwa amebaki kwenye mlango wa chumba cha kamati, mikono imefunika mdomo, machozi yakimtoka bila kujificha, na Roskam, ambaye kwa miaka yote ya kazi hakuwahi kumgusa mshukiwa ila kwa pingu, alimshika bega.

"Nenda, dada," alimwambia. "Wanakusubiri."

Douwe alikuwa ameshakaa kwenye meza ya raundi ya mwisho. Alivuta kiti cha upande wa pili kwa mguu ili Jikke apate kukaa, akangoja mpaka alipotulia, kisha akainama juu ya ubao na kushusha sauti isikike na wao wawili tu.

"Nimeutazama wazimu huu ukiwashambulia watu wengine maisha yangu yote," alisema. "Sikuwahi kukaa upande huu. Nioneshe."